Vikombe vya Meza ya Nozeli

Nianze kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu ni mbaya, na maneno mengine nimeyaandika kama ninavyoyasikia, kwa kuwa sikujua yanaandikwaje. Shule niliishia ya msingi. Tena ninaandika polepole, mstari mmoja mpaka chai inapoa. Ukiona doa la rangi ya asali pembeni mwa karatasi, ujue ni dizeli. Vidole vyangu havitakati tena, hata nikivisugua kwa ndimu na mchanga.

Ninaandika kwa sababu kusema siwezi. Mbele ya watu ulimi wangu unakuwa mzito, na nikiitwa, ile "naam" yangu ninaisikia mimi peke yangu. Lakini kuna jambo watu wanalisema kila siku, barazani, redioni na kwenye simu zao, kwamba gari za petroli na dizeli zimekwisha, zinangoja kuzikwa tu. Mimi ndiye ninayezifungua hizo injini na hakuna aliyeniuliza. Basi ninajibu bila kuulizwa.

Tunakaa Bububu, katika nyumba ya bibi yangu mzaa mama. Mama alifariki nikiwa mdogo. Baba hakuhama, alibaki nyumbani kwa mkwewe ili mimi nilelewe na bibi. Nyuma ya nyumba kuna banda la mabati, na ndani ya banda kuna meza ya mbao nzito ambayo Baba aliinunua kabla sijazaliwa. Juu ya meza hiyo Baba alifanya kazi ya nozeli, na siku hizi ninaifanya mimi.

Kwa asiyejua, nozeli ni kijichuma cha ukubwa wa kidole gumba kinachopulizia dizeli ndani ya injini. Ikiwa nzima, dizeli inatoka kama ukungu. Ikiwa mbovu, inatoka matone matone, na gari inatapika ule moshi mweusi unaochafua kuta na kumkohoza bibi yangu kila lori la mchanga linapopita. Watu wanalaani gari. Mimi ninalaani nozeli, kwa sababu ninajua nikiifungua na kuisafisha moshi ule utakwisha.

Ndani ya kila nozeli kuna sindano, na sindano ina ala yake. Vitu hivi vilisagwa pamoja kiwandani na haviachani. Ukiichukua sindano ya ala hii ukaitia kwenye ala ile, itavuja au itakwama, hata kama kwa macho unaona zinafanana kama punje za mchele. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi ni kutochanganya. Baba hakuwa na visanduku maalumu vya kazi hiyo. Alichukua vikombe vya kahawa vya bibi, vile vidogo visivyo na mkono, vilivyomeguka ukingo, akavipanga mezani kwa safu. Kikombe cha kwanza ni cha silinda ya kwanza, cha pili ni cha silinda ya pili, na kila sindano inalala ndani ya dizeli safi pamoja na ala yake. Mtu akiingia bandani anaona kama tunangoja wageni.

Sharti la pili la Baba lilikuwa hili: nozeli haifutwi kwa nguo. Uzi mmoja wa pamba, usioonekana, unatosha kuikwamisha. Unaiosha kwa dizeli, unaiacha.

Mikono ya Baba ilipoanza kutetemeka, aliniita bandani akanipa sindano niishike. Hakusema anaumwa. Alisema, "Wewe una vidole vyembamba." Nikaipenda kazi tangu siku ile, kwa sababu ni kazi isiyotaka maneno. Wenye gari wanazungumza na Baba pale mbele barazani, yeye ananiletea nozeli, mimi ninazifungua. Wengine mpaka leo hawajui kuwa ni msichana anayezitengeneza.

Sasa nije kwa mjomba wangu, kaka yake Mama. Mjomba anachukua wageni wa Kizungu na Kiarabu kutoka Forodhani na kuwatembeza. Siku moja, alasiri, alikuja nyumbani na bajaji ya umeme. Hatukuisikia. Bibi alikuwa uani akichambua mchele, alipoinua kichwa akaikuta imesimama mbele yake.

"Umepita wapi wewe?" akamuuliza mwanawe.

"Langoni, Mama."

"Mbona sikusikia kitu?"

"Haina kelele, ndiyo uzuri wake."

"Kinachoingia kwa watu bila hodi ni mwizi," Bibi akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Mjomba alicheka. Alikuwa na furaha, na sikumuonea kijicho. Bajaji ilikuwa nzuri, nyeupe, inang'aa. Aliniita niiangalie. Nikapiga magoti, nikachungulia chini, nikazunguka nyuma.

"Haya, mpwa wangu," akasema, "nionyeshe nozeli yake iko wapi."

"Haina," nikasema.

"Sema kwa sauti, baba yako asikie."

"Haina, Mjomba."

"Haina nozeli, haina pampu, haina oili, haina fundi mwenye vidole vyeusi. Umeona? Mwanamke hapati mume na vidole hivyo."

Alisema kwa mzaha, na mzaha wake nimeuzoea. Lakini jioni, baada ya Maghribi, alikaa na Baba barazani akasema lile lililomleta. Alikuwa amepata mshirika wa mjini mwenye bajaji nyingine kama ile. Walitaka pahali pa kuzichaji, penye paa, karibu na barabara. Walitaka banda. Meza iuzwe au ipasuliwe kuni, na mimi nitafutiwe kazi ya kufua mashuka hotelini.

Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango. Nilimngoja Baba aseme hapana.

"Shemeji," Baba akasema, "nyumba si yangu."

Basi. Alipoingia ndani akanikuta nimesimama pale pale, akaniwekea mkono kichwani. "Nimekurithisha jeneza, mwanangu," akaniambia. "Watu wote wanasema. Nisamehe."

Majibu yangu yanakuja yakiwa yamechelewa. Lile lilinijia asubuhi ya pili yake, nikisikiliza lori likiwashwa kwa jirani: jeneza haliwaki.

Siku ya mshirika kuja kuliona banda, niliamka mapema nikafanya kazi. Mezani nilikuwa na nozeli za injini mbili. Moja ni ya lori, na moja ni ya chombo kinachovusha watu kutoka Mkokotoni kwenda Tumbatu. Nahodha wa chombo hicho ni mtu mzima, mkali, hapendi kusubiri. Alikuwa amemwambia Baba kwamba anakuja kuchukua nozeli zake kesho yake, chombo kimelala, watu wanavushwa kwa mashua za kubahatisha. Nilizifungua zote, nikazitia vikombeni, nikatoka kwenda dukani kununua sabuni. Sikukawia.

Niliporudi mgeni alishafika. Alikuwa amekaa barazani na Mjomba na Baba, kijana wa mjini, nadhifu, mwenye adabu. Bibi alikuwa ndani, ameshapeleka kahawa na halua. Nikakaa nyuma ya pazia.

Mgeni alionja kahawa, akatulia kidogo, akaonja tena.

"Bibi," akaita kwa heshima, "kahawa hii mmeitia viungo gani?"

"Hiliki na tangawizi," Bibi akajibu kutoka ndani. "Kwani vipi, baba?"

"Hapana, nzuri. Ila inanipanda puani."

"Tangawizi hiyo," Mjomba akasema. "Kunywa, ni dawa."

Baba alikuwa hajainywa yake. Alikiinua kikombe, akakinusa. Kisha akakigeuza, akauona ukingo uliomeguka, akatazama pazia nilipokuwa. Nilishafahamu. Nilikwenda bandani nikikimbia.

Meza ilikuwa tupu, imepanguswa. Pembeni paliwekwa bakuli la udongo, na ndani ya bakuli sindano zote na ala zote za injini mbili zimelundikwa pamoja, kavu, zinameta.

Bibi alikuja nyuma yangu akijipangusa mikono. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri. "Nilikuwa natafuta vikombe vya wageni," akasema, "nikakumbuka viko huku. Vikombe vyangu hivyo, baba yako aliniazima siku nyingi. Nimekutolea misumari yako, nimeifuta vizuri isipate kutu."

"Umeifuta kwa kitu gani, Bibi?"

"Kwa kanga," akasema, akanionyesha pindo la kanga aliyovaa, lina mafuta.

Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeniharibia kazi kwa namna ile, kwa ukarimu. Nyumba imepata mgeni, mgeni hapewi kahawa kwa bilauri, na vikombe viko bandani. Ningemkasirikia vipi? Lakini hasira ilikuwepo, ikatafuta pa kwenda, na miguu ikanipeleka mbele. Nikapita pazia. Nilikuwa sijawahi kupita lile pazia wakati kuna wageni wanaume.

"Shikamoo, Mjomba," nikasema. "Vikombe hivyo vimetoka mezani kwangu."

Mjomba akanitazama. "Kumbe una sauti."

"Zilikuwemo sindano za chombo cha Mkokotoni. Sasa zimechanganyika."

Mgeni akakiweka kikombe chini taratibu. Hakukasirika, ila alijifuta midomo kwa kitambaa, kisha akaniambia kwa upole, kama mtu anayempa mtoto habari ya msiba, "Dada, usijisumbue sana. Dunia inakwenda kwenye umeme. Miaka kumi ijayo hapa hutaona gari ya dizeli."

Na kwa mara ya kwanza maishani mwangu jibu halikuchelewa.

"Basi miaka kumi hiyo nnaitaka," nikasema. "Yote. Na nnaitaka pale pale bandani."

Mjomba akaanza kucheka, lakini Bibi alikuwa ameshatoka, amesimama mlangoni. Aliuliza yale yaliyokuwa bakulini ni kitu gani hasa. Baba akamweleza, polepole, kila sindano na ala yake. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimevuruga mimi. Akizipanga zikarudi zote kwa wenyewe, banda lisiguswe. Asipoweza, basi mwenye bajaji alichukue. Nshasema."

Nikarudi bandani. Nilichuja dizeli mpya, nikaziosha moja moja, nikitafuta nyuzi za kanga. Kisha nikaanza kuzilinganisha. Namna yake ni hii: unatia sindano ndani ya ala, zote zimelowa, unaisimamisha ala wima, unaivuta sindano juu kidogo, unaiachia. Sindano iliyo kwao inateremka yenyewe, bila kusukumwa na bila haraka, mpaka chini. Sindano iliyo ugenini inakwama njiani, au inaanguka ovyo kama jiwe kisimani. Huwezi kuilazimisha. Unajaribu ala hii, unajaribu ile, unarudi ya kwanza, mpaka moja inateremka kama mtu anayeingia kwake.

Baba alikuja akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Hakugusa kitu. Kila sindano iliyoteremka vizuri, alisema "eeh," na mimi nikaendelea. Adhana ya Alasiri ilitukuta pale, na ya Maghribi pia.

Za lori zilirudi zote. Za chombo zilirudi zote isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa kwao kabisa, ila pindo la kanga lilikuwa na chembe ya mchanga, na chembe imeikwaruza. Niliitia kwenye mashine ya kujaribia, ile yenye mpini, nikaubonyeza. Ukungu haukuja. Palikuja uzi mmoja wa dizeli, kisha tone.

"Hiyo imekufa," Baba akasema.

"Nnaona," nikasema.

Ingekuwa rahisi kuifunga na kunyamaza. Chombo kingewaka, kingefika Tumbatu hata mara nyingi kabla ya kuleta shida, na Bibi asingejua. Sikuwaza hivyo kwa muda mrefu. Moshi mweusi ule ungekuwa wangu.

Asubuhi nahodha alikuja. Mjomba naye alikuwepo, amekuja makusudi. Baba alitaka kuzungumza kama kawaida, lakini mimi nilitoka mwenyewe na nozeli zangu kwenye sinia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Alinitazama kutoka kichwani hadi vidoleni. Vidole ndivyo vilivyomridhisha, nadhani. Nikamwambia zile nyingine ni nzima na moja imeharibika mikononi mwetu, nyumbani kwetu, tutamtafutia nyingine mjini Darajani, na leo chombo hakitaondoka.

"Mimi nataka chombo kiende," akasema. "Sikuja kusikiliza hadithi."

"Nnajua."

"Watu wananiambia nitie mota ya umeme. Nitaivutia waya mpaka Tumbatu?" Alimgeukia Mjomba kama kwamba Mjomba ndiye aliyemwambia. Kisha akashusha pumzi. "Itafute hiyo nozeli. Kesho nikija nisikute maneno."

Alipoondoka, Mjomba alimwita Bibi. "Mama, ulisema zikirudi zote. Moja haikurudi. Neno ni neno."

Bibi akanitazama mimi. Nadhani alikuwa akingoja nilie. Watu wa nyumbani wamezoea kuniona nikilia.

"Kweli, haikurudi, kanga iliikwaruza," nikasema. "Na mimi sitoki. Meza mkitaka muipasue, mnipasue nayo."

Haikuwa adabu, ninajua. Nilikuwa sijawahi kusema neno kama hilo mbele ya bibi yangu, na sijui kama nitalisema tena. Baba alisimama. Alikuja upande wangu, na mkwe kusimama vile ndani ya nyumba ya mkwewe si jambo dogo.

Bibi aliitazama kanga yake. Kisha akasema, "Nyumba yangu, banda langu, na kanga iliyoikwaruza yangu. Sasa nimhukumu nani?" Akamgeukia mwanawe. "Bajaji yako ichomeke huku mbele barazani. Wapita njia wakuone ulivyo tajiri."

Ndivyo ilivyokwisha. Mjomba aliondoka amenuna, akarudi baada ya siku chache na fundi wa umeme, wakavuta waya hadi barazani. Mshirika wa mjini akapata pahali pengine. Nozeli ya nahodha ilipatikana, na chombo chake kinakwenda. Baba aliviosha vile vikombe vya kahawa kwa maji ya moto, akaviweka juani, kisha akavirudisha mezani kwa mpangilio wake, kimoja kimoja, kwa mikono yake ile ile. Bibi alinunua vikombe vingine vya wageni.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na umeme. Bajaji ya Mjomba ilipoanza kulia gurudumu, aliisimamisha mbele ya banda akajifanya anaangalia simu. Nilitoka nikaifungua, nikakuta chumvi ya bahari imekwishaanza kula beringi yake kama inavyokula za dizeli. Nikaitia grisi. Hakunishukuru, na mimi sikungoja. Ninaipenda inavyopita kimya, na Bibi akilala mchana haamki. Kama siku moja nitaletewa mota za umeme mezani, nitatafuta vikombe vyake.

Ninachokataa ni kuzikwa nikiwa ninapumua. Wanaosema dizeli imekwisha wanasema habari za kwao. Wao wakinunua gari mpya za umeme, zile kuukuu zinapandishwa meli, na zinateremka kwetu. Imekuwa hivyo kwa kila gari niliyoiona barabara ya Bububu. Hakuna hata moja iliyozaliwa hapa. Kwa hiyo kwetu hazitapungua upesi. Zitakuja kwa wingi, zimechoka, zinatoa moshi, na mtu lazima aziuguze mpaka mwisho wake ili zisituue kwa moshi huo. Mgonjwa akikaribia kufa, muuguzi hafukuzwi. Mimi ndiye muuguzi. Vidole vyangu ni vyeusi kwa ajili hiyo, na sitavificha tena nyuma ya pazia.

Sasa ninaomba na nyinyi mniandikie. Niambieni huko kwenu gari za dizeli zinapelekwa wapi zikichoka, na nani anazifungua. Kama kuna msichana mwingine anayekaa na meza ya chuma na mafuta, na nyumbani wanamwambia aiache, yeye aniandikie kwanza. Anayeona nimekosea naye aandike, nitamjibu, ila asiharakishe, mimi ni mzito wa kuandika. Msione haya ya mwandiko. Barua mpeni mtu yeyote anayekuja Bububu, amuulizie binti wa nozeli.